Tingatinga Lisilozimwa

Wiki mvua zilipoanza, sufuria za Mama Henriette zilianza kutembea zenyewe. Asubuhi alizipanga rafuni, kubwa nyuma na ndogo mbele, na kufikia wakati wa kupika zote zilikuwa zimesogea ukingoni, zinangoja kuanguka. Hapakuwa na uchawi, ingawa jirani yake Mama Anne alikuwa ameshalitaja neno hilo na kuondoka haraka. Palikuwa na tingatinga. Lilisimama juu ya tuta nyuma ya nyumba, karibu kiasi kwamba kokoto zilizodondoka minyororoni mwake zililia kwenye bati, na injini yake ilinguruma bila kupumzika. Injini ilitikisa ukuta, ukuta ukatikisa rafu, na rafu ikazisukuma sufuria.

"Papa Lambert," alimwambia mumewe huku akirudisha sufuria ya kwanza mahali pake, "ile kintu itatuua."

Lambert alikuwa ameketi mlangoni, goti lake bovu amelinyoosha juani. Alicheka cheko la mwanamume aliyekwisha kuambiwa hayo jana na juzi.

"Ile mashini haiangukake, Henriette. Iko na miaka mingi kupita ndoa yetu."

"Hata ndoa yetu siku ingine ilitaka kuanguka."

"Mais haikuanguka."

"Juu minye niliishika. Sasa ile mashini, nani anaishika? Zima basi, ata usiku moya, tulale kama bantu."

"Nikizima, nani ataiamusha?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipokwama kila siku. Na ili mtu asidhani Lambert alikuwa mkaidi bure, inafaa tuseme lile tingatinga lilikuwa nini. Lilitengenezwa Urusi, katika mji wa Chelyabinsk, kwenye kiwanda kilichojengwa miaka ya thelathini ya karne iliyopita na kuanza kwa kuiga matrekta ya minyororo ya Wamarekani. Vita vilipokuja, kiwanda kikaacha matrekta kikatoa vifaru. Vita vilipokwisha kikarudi kwenye matrekta, ila mkono ulikuwa umeshazoea vifaru, na kila kilichotoka pale kilikuwa kizito kana kwamba kinatarajia kupigwa mabomu. Na kwa kuwa baridi ya kwao huua betri, Warusi waliipa injini kubwa ya dizeli mdogo wake: injini ndogo ya petroli inayowashwa kwanza, ikanguruma peke yake, kisha ikamtikisa kaka mpaka naye aamke. Lambert aliiita petit frère.

Matingatinga hayo yalipelekwa kokote Warusi walikokuwa na marafiki, na Angola walikuwa na marafiki wengi. Hili la Likasi, mji wa migodi, lilitoka huko, likapita Kolwezi juu ya lori, halina milango, lina herufi tatu za Kirusi kifuani ambazo watoto wa mtaa wa Shituru walizisoma 4T3. Jina likabaki hilo, hata wazee wakalitumia. Lilifanya kazi miaka kadhaa Kamatanda kwenye machimbo, na huko ndiko petit frère alikokufa. Kipuri hakikupatikana Lubumbashi wala ng'ambo ya mpaka, na mwenye mali, bwana mmoja aitwaye Patrice, akachoka kutafuta. Tangu hapo, 4T3 likizimika haliwaki mpaka livutwe na lori kubwa, na lori kubwa ni kitu cha kuombewa kwa magoti. Kwa hiyo halikuzimwa. Lilikunywa mazout, dizeli yake, likiwa kazini na likanywa mazout likiwa limesimama, na Patrice alisema hilo ni afadhali.

Sasa lilikuwa likisawazisha kilele cha kilima ili Patrice apate uwanja wa malori ya madini. Udongo uliokatwa juu ulisukumwa ukingoni, uwanja ukapanuka, na kadiri ulivyopanuka ndivyo ulivyoisogelea nyumba ya Lambert, nyumba ya kambi ya zamani ya wafanyakazi wa migodi ambayo baba yake aliiachia ukoo. Jioni kazi ikiisha, tingatinga liliegeshwa palepale ukingoni, mnyororo wake wa kulia ukiwa juu ya udongo waliousukuma wiki ileile.

"Patron njo alichagua pale," Lambert alimwambia mkewe alipouliza. Alisema huku akilitazama goti lake.

*

Aliyeliendesha 4T3 siku hizi hakuwa Lambert. Goti halikukubali tena kukanyaga. Aliyeketi kitini alikuwa mkwe wake Didier, mume wa Deborah, kijana mpole mwenye mabega mapana, na Lambert alisimama mbele akimwongoza kwa mikono. Ndivyo kazi hiyo inavyofanywa. Dereva ana pua ndefu ya injini mbele yake, kisha bamba la chuma, na kila upande minyororo. Ardhi anayoikanyaga haioni.

"Usiangalie udongo," Lambert alimfundisha. "Udongo ni muongo. Angalia mikono yangu tu. Mikono ikisema kuja, unakuja. Ikipishana pa kifua, unasimama. Ata kama unaona njia ni muzuri, unasimama."

Didier alikuwa na mtihani mwingine mgumu kuliko tingatinga, nao ulikuwa ni kuishi kiwanja kimoja na mama mkwe wake. Yeye na Deborah na binti yao mdogo Emmanuella walikaa kwenye chumba cha uani, kwa kuwa pengine hapakuwapo. Babu zao wote waliletwa na kampuni ya migodi kutoka Kasai kuchimba shaba, na Kiluba cha huko kilikuwa kimechakaa midomoni mwao, lakini heshima ya mamwenu, mama mkwe, haikuchakaa hata kidogo. Mwanamume hamtazami mamwenu usoni. Hampi mkono. Hali mbele yake. Akimgusa, hata kwa kuteleza, ni mbuzi wa faini, ni kikao cha wazee, na ni aibu inayosafiri kwa simu mpaka Mbuji-Mayi kabla jua halijatua. Didier aliishika heshima hiyo kama mtu aliyebeba mayai. Polisi wangemuuliza mama mkwe wake anafananaje, angewaeleza visigino na vitenge, basi.

Mama Henriette naye hakusema naye moja kwa moja. Alisema na Deborah.

"Deborah, ambia bwana yako ile mashini aisukume kule nyuma, karibu na barabara, kwenye udongo mugumu."

Didier alikuwa hapohapo, hatua chache, ameugeukia ukuta. "Deborah, ambia mama, Papa akisema, minye nitaisukuma. Minye peke siwezi."

"Ambia bwana yako, Papa hatasema."

"Ambia mama, basi ni difficile."

"Jamani, minye si telefone!" Deborah akasema, akambeba mtoto na kuwaacha na ukuta wao.

Usidhani walichukiana. Mama Henriette alimpenda kijana yule. Alikuwa amezaa mabinti watupu, na tangu Didier aingie kiwanjani bati halikuvuja, kuni hazikuisha, na goti la Lambert lilikuwa na bega la kuegemea. Akipika samaki wa Kapolowe, kichwa kilikuwa cha Didier. Kilifunikwa, kikapelekwa uani na Deborah, na sahani ilirudi safi. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yao.

*

Patrice alikuja siku ya pili ya mvua, na gari lake refu jeupe likazuia njia nzima. Alishuka na viatu vya ngozi, akaingia kwenye tope, akasonya.

"Mama, nipatie mayi."

Mama Henriette alimletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha chuma, kwa mikono miwili, kama inavyompasa mgeni. Patrice akayamwaga juu ya viatu vyake, kimoja, kisha kingine, akamrudishia kikombe.

"Ingine."

Akamletea mengine. Alikuwa na maneno yake ya kusema na hakutaka kuyapoteza kwa sababu ya viatu. Patrice alipomaliza kuosha viatu, mama akasema, "Patron, ninakulomba. Ile mashini iko juu ya nyumba yetu. Mvua iko inakula udongo. Aiende kule nyuma."

Patrice alimtazama Lambert, si yeye. "Papa Lambert, kwani haukumuambia?"

Lambert akakohoa.

"Mama," Patrice akaendelea, sasa akicheka, "njo bwana yako alilomba ikae pale. Minye nilitaka ikae kule barabarani, na sentinelle wa kuilinda. Yeye akasema hapana, iwekwe nyuma ya nyumba yake, akiwa mu kitanda anaisikia, wezi ya mazout hawawezi kuya. Nikasema d'accord. Si njo vile, Papa Lambert?"

"Njo vile, patron."

Mama Henriette aliingia ndani na kikombe. Uongo wa mume ni jambo la kuzungumza wageni wakiondoka. Lakini aliona aibu, na aibu ile iliwaka zaidi kwa kuwa Didier alikuwa amesimama kando na ameisikia.

"Minataka uwanja ukwishe wiki hii," Patrice alisema. "Malori yanakuya. Na musiizime, eh? Nikiya nikikuta iko kimya, nitajua muko munataka kulala, na kuna bantu wengi hapa Likasi hawataki kulala."

"Ukingo umeloa, patron," Didier alisema polepole. "Ile remblai, udongo ya kusukuma, bado haijashika."

"Weye njo ingénieur?"

"Hapana, patron."

"Bon."

Gari likarudi kinyumenyume, likamrushia Mama Anne tope kwenye nguo alizoanika.

*

Mvua haikusikiliza ratiba ya Patrice. Ilinyesha, ikapumua, ikanyesha tena, na kazi ikasimama. 4T3 lilibaki ukingoni likinguruma chini ya mvua, moshi wake ukilala juu ya mapaa ya Shituru. Nyuma ya nyumba maji yalianza kutoka ndani ya tuta, si juu yake. Yalitoka katikati, mekundu, taratibu, na Mama Henriette akajua tumbo la kilima limejaa. Ukuta wa jikoni ulipata ufa. Kwanza mtu aliweza kuingiza ukucha, kisha kidole.

Barthélemy, mkubwa wa mtaa, aliitwa kuuona. Alikuja na mwavuli, akauchunguza ufa kwa heshima zote, akakaza uso.

"Wazee walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Ndiyo, chef," Mama Henriette alisema. "Basi tuzibe na nini? Mashini iko juu."

"Ah, mashini ni ya Patrice." Akafungua mwavuli wake tena, ingawa mvua ilikuwa imekatika, akaenda zake.

Kuona hivyo, Mama Henriette akaamua kutosubiri mwanamume yeyote. Alikuwa mtu wa namna hiyo: akilia alilia akifanya kazi. Alitoa magodoro, akatoa nguo, akatoa picha ya ubatizo wa Deborah, akazitoa zile sufuria, na vyote vikaenda kwa Mama Anne ng'ambo ya njia. Emmanuella naye akapelekwa huko mgongoni mwa mama yake.

"Nyumba ikianguka, ianguke," alisema. "Muntu hatakufa hapa. Deborah, weye na mutoto mutalala kwa Mama Anne. Papa vilevile. Bwana yako vilevile, kwa sebule."

Alihesabu vichwa kwa macho, akaridhika. Alikuwa amefikiria kila mtu aliyelala chini ya tingatinga. Mtu wa kupanda juu yake hakumfikiria, na tusimlaumu, maana hata sisi tungetazama nyumba.

Lambert aliutazama ufa muda mrefu. Alipiga simu kwa patron, haikupokelewa. Akapiga tena, ikazimwa.

"Ninaenda mu ville kwa patron," alisema, akichukua fimbo yake. "Nitamulomba lori ya kuivuta. Ikivutwa na kamba kutoka mbele, muntu haitaji kupanda."

"Na goti?" Mama Henriette aliuliza.

"Goti itanifuata." Kisha, bila kumtazama: "Henriette, minye njo nilisema ikae pale."

"Ninajua. Enda, kabla patron hajakula na kulala."

Lambert akamgeukia Didier, akamshika bega. "Weye, usiiguse mpaka nirudie. Umesikia? Ile udongo haina mifupa. Ukigeuza kushoto, munyororo ya kuume njo itasukuma, na haina pa kusukumia. Wacha."

"Nimesikia, Papa."

Na alisikia kweli. Alikuwa kijana msikivu.

*

Mchana jua lilitoka kidogo, jua lile la katikati ya mvua linalowapa watu matumaini ya uongo. Deborah alikuwa kwa Mama Anne, akimlisha mtoto. Mama Henriette alikumbuka cherehani. Ilikuwa chumbani, nzito, ya miguu ya chuma, na ndiyo iliyosomesha mabinti wake wote. Akaingia kuifungua kichwa ili abebe vipande.

Didier alikuwa uani akikusanya misumari. Alimwona mamwenu akiingia, akageuka kama kawaida, na kwa kuwa aligeuka alitazama juu, akaona 4T3 limeinama. Si sana. Bomba la moshi lililokuwa limesimama wima sasa lilielekea kwenye bati. Udongo ukamwagika konzi moja, ukalia juu ya paa la chumba kile alichomo mama mkwe wake.

Angeweza kupiga kelele: Mamwenu, toka! Lakini mtu hampigii mamwenu kelele. Alimwita Deborah amwambie, na Deborah alikuwa ng'ambo ya njia, na mngurumo ulimeza sauti yake. Akaita mara ya pili. Kisha akafanya alichokijua. Alipanda tuta mbio, akaruka juu ya mnyororo wa kushoto, akaingia kitini.

Mama Henriette alisikia injini ikibadilisha sauti. Aliiacha cherehani, akatoka, akauona mgongo wa Didier kule juu, na akapanda kwa njia ya maji, viganja vikishika nyasi, mpaka akafika mbele ya tingatinga. Kutoka pale aliona kile ambacho dereva haoni. Chini ya mnyororo wa kulia palikuwa na nafasi. Mnyororo ulining'inia juu ya hewa, udongo wa chini yake ukiwa umeshaondoka, na ufa mpana ardhini ulipita chini ya tumbo la mashine kuelekea upande wa pili. Kilichokuwa kinalishika 4T3 kilikuwa upande wa kushoto tu, na uzito wake wenyewe, na kutotikiswa.

Ishara alizijua. Miezi yote aliyofua nguo chini ya tuta lile alikuwa akimwona Lambert akizitoa. Akasimama wima mbele ya pua ya mashine, akapishanisha mikono kifuani.

Kama angekuwa mtu mwingine yeyote wa Shituru, mlevi, mtoto, mwizi wa mazout, Didier angesimama. Lakini alichokiona kwa pembe ya jicho kilikuwa kitenge cha mamwenu, na shingo yake ikafanya ilichozoea: ikainama. Akashusha na kofia. Akabaki akitazama fimbo mbili za kuongozea zilizo mbele ya magoti yake.

"Didier!" Mama Henriette alilia. Lilikuwa jina ambalo hakuwahi kumwita nalo ana kwa ana. "Shuka! Iache! Shuka, mwana wangu!"

Injini ikalimeza jina. Akazunguka mbio upande wa kushoto, upande usio na mlango, akiteleza, akasimama juu ya donge la udongo kando ya mnyororo. Kiwiko cha Didier kilikuwa nje. Shati lake la buluu lilikuwa limelowa na kugandamana na ngozi. Kumshika, kumvuta, kumwangusha topeni juu yake mwenyewe ikibidi: hilo tu ndilo lililotakiwa.

Akanyoosha mkono. Ukafika katikati, ukasimama.

Si kwamba aliogopa mbuzi. Baadaye watu wangefikiri hivyo, kama wangejua. Hakufikiria mbuzi, hakufikiria wazee wala Mbuji-Mayi. Hakupata nafasi ya kufikiria chochote. Ulikuwa mkono tu, uliofundishwa tangu yeye ni msichana mdogo akimwona mama yake akiupitisha ukutani kila mkwe alipopita, na ukafanya ulichofundishwa. Akautazama kama wa mtu mwingine. Kisha akainama, akaokota bonge la udongo, akalitupa kwenye boneti.

Didier akashtuka, akageuka. Walitazamana. Miaka yote ile, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mama Henriette aliona kwamba kijana ana macho mekundu kwa moshi na kwamba anaogopa, na yeye Didier sijui aliona nini, maana haya ilimshika palepale, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu. Akageuza uso upande wa pili, haraka, kwa heshima. Na mkono wake, ambao ulikuwa umeshaanza kazi, ukavuta fimbo ya kushoto.

Mnyororo wa kulia ukazunguka mara moja hewani. Ukagusa ukingo, na ukingo ukaenda. Ulienda polepole kwanza, kwa namna ambayo mtu anadhani bado kuna muda. Donge alilosimama Mama Henriette likapasuka akaangukia nyuma, na akiwa chini aliona mnyororo wa kushoto unainuka juu ya kichwa chake, mweusi, unadondosha tope, kisha hakuuona tena. Bati likalia. Halafu injini ya 4T3 ikazimika, na Shituru nzima ikasikia kimya.

*

Lambert alirudi jioni, akichechemea, na habari njema. Patron alikuwa amekubali. Lori lingekuja kesho asubuhi. Alianza kuisema habari hiyo tangu njiani, alipoona watu wengi mlangoni kwake, kwa kuwa alidhani wanamsubiri yeye.

*

Siku ya maziko jeneza lilifunguliwa kiwanjani kwa Mama Anne, kwa kuwa kwa Lambert hapakuwa na mahali. Tingatinga lilikuwa limelala chali jikoni, minyororo juu, na bati limelizonga kama shuka. Patrice hakufika. Alituma magunia ya unga, turubai la kivuli, na kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi aliyeuliza kwa sauti ya chini kama wafiwa wangeweza kusogea kidogo upande wa kushoto, maana kesho watakuja na winchi na watahitaji nafasi.

Wafiwa wakasogea. Watu husogea.

Mjomba wa Didier, mzee Édouard, alikuwa amekuja kutoka Lubumbashi kuusemea ukoo. Wanawake walikuwa wameketi chini kando ya jeneza, Deborah katikati yao, kichwa kimefungwa kitambaa, na Emmanuella amelala mapajani mwake. Mama Henriette alikaa mbali na jeneza, nyuma kabisa, ameegemea ukuta, mahali pa mamwenu.

"Tuliuliza," mzee Édouard alisema. "Bantu walikuwa kule barabarani waliona. Wametuambia mutoto wetu alikufa akigeuza uso, juu mamwenu yake alikuwa pale. Ata mu ile saa! Muntu anaona lufu, kifo yenyewe, na bado iko na heshima. Na huyu mama vilevile. Alikuwa pale, na hakumugusa. Nyumba yenu ni safi, Papa Lambert. Sisi hatulombi kintu. Hakuna mbuzi, hakuna neno. Tunawashukuru juu ya namna muliishi naye."

Sauti za kukubali zikapita kwa watu. Lambert aliinamisha kichwa, machozi yakidondoka juu ya goti lake. Mtu mmoja akasema siku hizi vijana wa hivyo wamekwisha. Barthélemy alitikisa kichwa kwa masikitiko na kufunga mwavuli.

"Sasa," mzee akaendelea, "ukwe umekwisha. Lufu imeukata. Minye mukubwa wa jamaa, ninafungua njia. Mama Henriette, kuya. Kuya umuangalie mwana wako, umushike, umuage. Hakuna mubaya tena."

Mama Henriette hakuinuka. Wanawake wawili wakamwinua, wakidhani ni uchungu umemlegeza, wakamleta mpaka kando ya jeneza. Walikuwa wamemvisha Didier shati jeupe la harusi yake. Uso ulikuwa umefunikwa kitambaa kwa sababu ya jinsi ulivyokuwa, lakini mikono ilikuwa mizima, imelazwa ubavuni.

"Mushike, mama," mzee alisema kwa upole. "Inaruhusiwa."

Akanyoosha mkono. Safari hii haukusimama njiani. Ulitua kwenye kiwiko, ukakishika, ukakaza mpaka shati likakunjamana.

Deborah aliutazama ule mkono, akapima kwa macho pale mama yake aliposimama, akautazama tena.

"Mama. Ile saa, ulikuwa karibu naye?"

"Ndiyo, mwana wangu."

"Karibu namna gani?"

Watu walikuwa wameshaanza wimbo kule nyuma. Mama Henriette angeweza kunyamaza, wimbo ungemfunika. Mzee Édouard alikuwa ameshamsafisha mbele ya watu wote.

"Vile niko sasa," alisema.

Deborah akamlaza mtoto kwenye mkeka, akainuka kwa magoti, akakishika kiganja cha mama yake. Akakitoa juu ya mumewe, kidole baada ya kidole, akalinyoosha lile shati lilipokunjamana.